Bunduki Iliyolala Ndani ya Kochi

Mimi si mwandishi, wala sikuiomba kazi hii. Nilisoma madarasa matatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Herufi zangu zinasimama kila moja peke yake kama watu waliogombana. Aliyetaka maneno ya mapambo angekwenda kwa wenye miwani na meza. Lakini dada mmoja muuza dawa, ambaye mtamkuta mbele, alinijia mlangoni mara mbili. Hakutaka kukaa, hakutaka hata maji. Alisimama akaniambia: "Wewe ni wifi yake. Niandikie huyo mwanamke ni mtu wa aina gani. Mimi namjua kwa robo saa tu, na ndani ya robo saa hiyo nusura mwanangu afe." Nikamwambia mtu wa miaka sitini na tisa haandikwi kama karatasi ya dawa, kimoja asubuhi kimoja jioni. Akasema basi niandike kirefu. Haya, nimeandika kirefu. Penseli imebaki nusu na vidole vinaniwaka. Mwingine akitaka kusoma na asome, siri imeshakwisha.

Mwanamke mwenyewe watu humwita Bibi Sindano. Ni fundi wa makochi. Jina lilianza kwa ile sindano ya kushonea viti, ndefu kama mkono wa mtoto, ambayo huichomeka kwenye kilemba chake na kutembea nayo mtaani kama pambo. Wengine wanasema jina limetokana na ulimi. Wote wako sawa. Mteja akimletea kochi lililoshonwa ovyo, hamwambii limeharibika. Anamuuliza nani alimchukia kiasi hicho.

Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, bati juu, ukuta pande tatu, mbele wazi. Ukifika utamkuta amepiga magoti, misumari midogo midomoni, anapasua kochi la watu. Hapo ndipo alipojifunzia binadamu. Kochi kuukuu likipasuliwa linatoa mambo: vijiko, vitana, barua za mapenzi zilizokunjwa mara nane, jino la bandia, kisu. Siku moja ilitoka pete ya ndoa ambayo mwenyewe alishamfukuzia mfanyakazi. Miaka arobaini Bibi Sindano anatoa kwenye makochi vitu ambavyo watu walidhani wamevificha. Kila akikiona kimoja husonya na kusema watu hawana akili, kwani kochi ni kitu kinachohama. Alisema hivyo mbele yangu zaidi ya mara mia. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu linaniuma hadi leo.

Mumewe alikuwa kaka yangu. Mtunza ghala, mtu wa funguo na sheria, asiyevuka barabara mpaka amesoma kibao. Wezi walipoanza kuingia nyumba za jirani mchana kweupe, aliomba kibali, akapewa, akanunua bunduki ya mitutu miwili, ile wanayoiita shotigani. Unaikunja katikati kwenye bawaba, unatia risasi mbili nene zenye ganda jekundu, unaikunjua. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, aliitunza kwa sheria. Bunduki katika sanduku la chuma chini ya kitanda. Risasi katika sanduku dogo jikoni, juu kabisa. Ufunguo katika mfuko wa koti lake, na koti kwenye msumari wa chumbani. Alitusomea masharti yale kwa sauti, mezani, mara tatu. Bibi Sindano alimwuliza kama mwizi naye atasomewa.

Jumapili moja alasiri mvua ikanyesha, mvua ile inayopiga bati mpaka mtu anamfokea aliye karibu naye. Wakaingia watu watatu. Kaka yangu alikimbilia chumbani, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, hakukuta kitu. Akatia mfuko wa pili. Ufunguo ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa amelifua koti Ijumaa, akautundika pale ili usipotee, akasahau kumwambia. Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ngapi hazihamishi funguo siku ya kufua? Wakampiga kichwani kwa nyundo, na nyundo ilikuwa ya Bibi Sindano mwenyewe, waliiokota karakanani. Wakachukua televisheni na cherehani. Mmoja aliondoka anacheka.

Kaka yangu aliishi wiki tano bila kusema neno lililonyooka, akafa.

Watu wa kituo cha polisi walikuja mvua ilipokwisha. Kutoka kituoni hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na mvua ilinyesha karibu saa tatu. Wakauliza kama sura za wezi tumezishika. Wakaandika kitabuni, wakafuta viatu kwenye mkeka wetu, wakaenda. Mpaka leo hajakamatwa hata paka. Nikiandika hapa penseli inataka kukatika, kwa hiyo naendelea.

Baada ya maziko Bibi Sindano hakulia mbele ya watu. Alilitoa lile sanduku la chuma chini ya kitanda, akalifanya la kuwekea misumari. Kisha akafunga karakana siku mbili, jambo ambalo hakulifanya hata alipojifungua.

Alikuwa na kochi lake la watu watatu, kitambaa cha kijani chenye mistari myembamba, mbao alizipiga randa mwenyewe alipokuwa mchumba. Lilitazamana na mlango wa mbele. Alilifungua chini ya kikalio, upande wa mbele, akatengeneza mfuko mrefu wa turubai, akaujaza sponji pande zote ili kitu kisigonge mbao. Mdomo wake akaufunika kwa kipande cha kitambaa kilekile, mistari ikaangukia mistari, akakifunga kwa vifungo vitano vya chuma vya kubonyeza, vile vinavyolia tap vikiachia. Ungelala na taa pale usingekiona. Akailaza bunduki ndani, risasi mbili tumboni mwake, tayari. Ukikaa, mkono wa kulia unashuka, unavuta mara moja, vifungo vinaachia vyote, bunduki iko mapajani. Aliniita nimhesabie. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne alikuwa ameshaielekeza mlangoni.

Nilimwambia, wifi, hiyo ina risasi. Akanionyesha kizuizi, kile kidude cha juu kinachozuia isifyatuke. Nikamwambia kizuizi ni kipande cha chuma tu. "Kaka yako alikuwa na masanduku mawili ya chuma," akanijibu, na mimi nikafyata ulimi. Kwa hiyo nilijua. Liandikwe hilo pia. Nilijua tangu siku ya kwanza na nikaufunga mdomo miaka minne, kwa sababu aliyeuawa alikuwa wa tumbo moja na mimi, na usiku nililala vizuri nikijua bunduki iko pale.

Tangu hapo kochi lile likawa halikaliwi na mtu ila yeye. Mgeni akilisogelea, anaelekezwa stuli. Wajukuu waliambiwa lina springi inayouma matako. Waliojifanya wanajua walisema mjane anakaa na kivuli cha mumewe, wakamwonea huruma, naye akawaacha wamwonee. Kila mwaka aliichukua bunduki, akazitoa risasi, akaifunga kwenye shuka na kuipeleka kituoni kwa ukaguzi. Afisa wa silaha humwuliza inatunzwa wapi. Katika sanduku la chuma, anajibu. Afisa anaandika sanduku la chuma, anagonga muhuri. Miaka minne, mihuri minne, na hakuwahi kuinua mguu wake aje kulitazama hilo sanduku. Angelikuta limejaa misumari.

Sasa nimlete kifungua mimba wake. Kijana si mbaya. Anauza bima, na ubaya wa kazi hiyo ni kwamba mtu anaanza kuamini kila kinachopotea kinafidiwa. Jumapili huja na mke na watoto, ananusanusa, anasema, mama, hiyo bunduki nipe niirudishe, umri umeenda. Mama yake humjibu siku akihamia kulala hapa mlangoni atapewa. Akiuliza iko wapi, anaambiwa iko ilipo. Alidhani imo kwenye sanduku chumbani, kama enzi za baba yake. Mama yake hakumwambia ukweli kwa sababu hakutaka hotuba, na kwa sababu Bibi Sindano hajawahi kumweleza mtu jambo ambalo mtu huyo angeweza kumwambia amekosea.

Mwezi wa tano dada yake Bibi Sindano alifanyiwa upasuaji, tukaenda kumuuguza, mimi na yeye, siku sita. Nyumba alimwachia mwanawe aiangalie. Siku ya saba tukarudi, saa tano asubuhi, na mikoba yetu mikononi.

Kijana na mkewe walikuwa wamesimama sebuleni wanatabasamu kama watu wa picha. Nyuma yao kulikuwa na makochi mapya ya dukani, meupe, ya ngozi ya uongo, miguu ya rangi ya dhahabu. Fundi wa makochi wa miaka arobaini, wamnunulie kochi lililobanwa kwa stepla. Nilidhani hilo ndilo litakalotuua siku ile. Bibi Sindano alilisogelea lililo karibu, akaugonga mkono wake kwa kidole, likaitika kama boksi tupu. Mkwewe akasema ni zawadi, mama, upumzike kukalia magunia.

"Langu liko wapi?"

Kijana akasema amempa mwenye saluni ya pale kona. Wateja wake wanakaa juu ya ndoo, na la mama limechoka, akaona ni sadaka. Wamelichukua tangu jana.

Nilimwangalia wifi yangu. Ngozi ya uso wake ilibadilika, ikawa kama majivu yaliyomwagiwa maji. Pale ndipo alipotakiwa kusema. Neno moja, na kijana mwenye miguu ya miaka thelathini na tano angefika saluni kabla yetu. Hakusema. Aliweka mkoba juu ya kochi jeupe, akatoka. Mwanawe nyuma yake analalamika hata asante hakuna, na mimi nyuma yao nakimbia na goti langu bovu. Niliwahi kumwambia yule kijana abaki hapo hapo na asiguse kitu, upumbavu mtupu, kwani kilichokuwa cha kuguswa alishakitoa.

 Njiani nilimwambia, wifi, jana yote na asubuhi yote, wangesikia mlio kama kuna baya. Akaniambia ninyamaze, na sauti yake haikuwa yake.

Saluni ilikuwa imejaa. Redio, mashine za kukaushia zinanguruma, harufu ya nywele zilizoungua. Kochi la kijani limewekwa ukutani chini ya kioo, na juu yake wanawake wanne wamebanana. Katikati yao muuza mkaa wa mtaa wa nyuma, mwanamke ambaye akikaa, kochi linajua. Yule dada muuza dawa hakuwa juu ya kochi. Alikuwa chini ya mashine, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mwanawe, kitoto cha kike cha miaka mitatu chenye gauni la njano, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni mbele ya kochi, anatembeza kidole kwenye mistari ya kitambaa.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana wewe uliyeniomba niandike ulikuwa chini ya mashine na hukusikia mwanzo. Bibi Sindano hakuingia na kusema kuna bunduki. Aliingia na kusema kuna kunguni.

Elewa maana yake. Fundi aliyejigamba maisha yake yote kwamba mdudu hawezi kulala kwenye mshono wake, anasimama mlangoni na kutangaza mbele ya wanawake kumi kwamba kochi lake lina kunguni. Kwake hilo lilikuwa sawa na kuvua nguo. Na lile ndilo alilolichagua, kwa sababu lile jingine lilikuwa kubwa zaidi.

Wakacheka. Muuza mkaa hakutikisika. Akasema: "Basi kunguni wako wana adabu, bibi. Nimekaa tangu saa tatu hata mmoja hajanisalimia."

Mwenye saluni, wanayemwita Mama Kitana, aliendelea kuchana kichwa cha mtu. Akasema mtu akishatoa ametoa, na kama mama na mwana hawajaelewana wakaelewanie nyumbani kwao. Bibi Sindano akamwambia atamtengenezea mawili mapya, ya mbao ngumu, kitambaa achague mwenyewe, mradi watu wainuke sasa hivi. Mama Kitana akawageukia wenzake, akasema wamsikie, bibi anatoa makochi mawili kwa ajili ya kunguni, hilo la zamani lazima lina mahari yake ndani. Wakaangua kicheko tena. "Lete hayo mawili," akasema, "na hili libaki. Tutakaa tukilala."

Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango, napumua kama mfuko wa mfua chuma. Redio ikamaliza wimbo. Katika ule upenyo kabla haujaanza mwingine, nikasikia tap.

Kitoto kilikuwa kimepata ncha ya kitambaa. Mistari ilikuwa imeachana kidogo pale walipolibeba kwa pupa, na kidole cha mtoto kinaona ambacho macho ya mtu mzima hayaoni. Akavuta. Tap, cha pili.

Bibi Sindano akasema, pole pole, bila kupandisha sauti: "Mtoto asiguse. Ndani ya kochi mna bunduki. Ni yangu, na ina risasi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ninalishangaa mpaka leo. Wewe ulitoka chini ya mashine na waya ukiwa bado umekukaa begani, ukamnyakua mwanao kwa mkono mmoja kama mtu anayenyakua sufuria motoni. Wanawake wakaanza kuinuka. Yeye akawaambia wasijisukume na kiti, wainuke kwa magoti yao. Muuza mkaa alishikwa mikono na wawili, akainuka taratibu, midomo yake inatembea bila sauti.

Bibi Sindano akapiga magoti, kama alivyopiga mbele ya makochi yote ya maisha yake. Akavifungua vile vitatu vilivyobaki kimoja kimoja. Akaitoa, mitutu ikitazama ukuta. Akatazama kile kizuizi, nami nikakitazama. Kilikuwa kimesogea. Walivyoligeuza kochi mlangoni, walivyolitupa juu ya gari, sponji ilikisukuma mbele. Siku nzima, asubuhi nzima, matako ya mtaa wote yamekaa juu ya bunduki isiyo na kizuizi.

Akaikunja, akachomoa risasi mbili, akaziweka juu ya kibao cha Mama Kitana, katikati ya vitana na chupa za mafuta. Zilisimama pale nyekundu, nzuri kama vitu vya kujipodolea. Nikachukia kuziona.

Ndipo wewe ukamwuliza. Hukupiga kelele, na afadhali ungepiga. Ulisema: "Umesimama hapo unatuambia kunguni. Mwanangu anafungua, na wewe unatuambia kunguni. Miaka mingapi unakaa na kitu hiki hivi?"

Akasema minne. Kisha akasema: "Ufunguo niliuhamisha mimi."

Najua hukuelewa. Hakuna aliyeelewa mle ndani ila mimi. Ulidhani bibi amechanganyikiwa, ukasonya, ukamfunga mtoto mgongoni ukaondoka na nusu ya nywele. Sasa umesoma, unajua ni ufunguo gani, na ni koti la nani. Neno lile hakuwahi kulitoa kinywani, hata mbele yangu, hata siku ya kaburi. Alilitoa mbele yako. Sisemi linamsafisha. Nasema ulipewa wewe.

Hakurudi nyumbani. Alimwomba Mama Kitana taulo, akaifunika bunduki ikiwa imekunjwa, risasi nikazibeba mimi kwenye kitambaa cha mkononi, tukaenda kituoni moja kwa moja. Afisa alikuwa anakula. Alipomaliza kusikiliza akasema, mama, hakuna aliyeumia, haya tuyaache, nenda ukapumzike. Nilimwelewa mara moja. Kuandika yale kulimaanisha kuandika na yake.

Bibi Sindano akavuta kiti. Akamwambia achukue kalamu. "Andika kwamba nilidanganya miaka minne. Na chini yake andika kwamba wewe uligonga mihuri minne bila kuja kutazama hata mara moja. Sitoki hapa mpaka niyasikie yote mawili yakisomwa." Yule mtu akajaribu kucheka. Tulikaa mpaka saa kumi. Akaandika. Akatusomea. Bunduki ikabaki kule, na kibali kikazuiwa.

Jioni mwanawe alijua yote, akaja. Akasema si nilikuambia. Mama yake akamkubalia, alimwambia kweli. "Na kochi langu hukuniuliza," akamwambia.  Kesho yake yale meupe yakarudi dukani. Lile la kijani hakulidai. Alikwenda saluni na sindano yake, akautoa ule mfuko wa turubai, akaushona mdomo wa kochi kwa uzi wa nailoni, mshono juu ya mshono, mpaka Mama Kitana akamwambia, bibi, inatosha, hata pumzi haipiti. Wanalikalia mpaka leo.

Sasa ninafika kwenye linalonikera hasa.

Barua ilikuja kutoka kituoni baada ya miezi miwili. Anaweza kurudishiwa bunduki, kwa sharti la sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na mtu wa kuja kulikagua. Sanduku lipo. Mchomeleaji alilifunga kwa boliti nne kwenye ukuta wa chumbani, na safari hii afisa alikuja, akalivuta kwa mikono miwili, likakataa kutoka. Ufunguo anauvaa shingoni, haufuliwi na koti la mtu. Nimemhesabia: kutoka sebuleni, mlango wa chumba, ufunguo, mkono ndani, inafika kumi na tatu. Si nne tena. Lakini mkono unaingia ndani na kutoka mtupu, kwa sababu sanduku halina kitu. Hajakwenda kuichukua.

Nikamwuliza kwa nini. Mwezi uliopita wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwake, saa nane mchana, mzee wa watu kavunjwa mkono. Kituo kilifika kesho yake. Yeye anakaa pale mlangoni na nyundo mapajani, ndio, ile ile, wale waliomuua kaka yangu waliitupa sakafuni walipoondoka. Nilimfokea. Nikamwambia kama ni toba imetosha, na kama ni kiburi kitamwua. Akaniambia anangoja jibu.

Ndipo nikajua. Alikwenda dukani kwako, mara mbili. Mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu ruhusa, wala mumewe, wala mwanawe, wala kituo. Alisimama foleni kama mgonjwa, akafika dirishani, akakwambia: "Nitaichukua ukisema niichukue. Ukisema hapana haitarudi, na sitakuuliza tena." Ukamtazama ukasema mwingine aje. Mara ya pili hukusema hata hilo.

Halafu unakuja kwangu unataka nikuandikie ni mtu wa aina gani.

Basi huyo ndiye. Mkaidi, mwongo wa mihuri minne, fundi asiye na mfano, aliyekosea jambo ambalo yeye kuliko watu wote duniani alilijua. Aliwadanganya watu kumi kwa kunguni huku mwanao anavuta kifungo. Pia ndiye aliyepiga magoti akakifungua. Sikuchagulii ukasirikie lipi. Mimi ninakasirikia yote, ya kwake, ya kwangu, ya kituo, na sasa na ya kwako.

Ametengeneza kiti kipya cha mtu mmoja, kitambaa cha buluu, kinatazamana na cha kwake. Hakuna aliyekikalia. Vaa viatu uende. Kwanza kipindue, kiangalie chini mpaka uridhike, ana tochi atakupa. Halafu kaa, umtazame usoni, umpe ndiyo au hapana. Lolote utakalosema atalifuata, namjua. Lakini usimwache na nyundo mlangoni wiki nyingine kwa sababu wewe hutaki kufungua mdomo. Karatasi hizi zirudishe ukimaliza, na uniletee penseli.